Mlingoti wa Mama Luciana

Amechomoa! Yustina, nakwambia amechomoa waya kwa mkono wake mwenyewe, Bibi ndiyo kwanza anafungua mdomo! Mjomba! Mjomba Abdulmajidi huyo huyo, anayeuza ving'amuzi pale stendi, anayekula kwa televisheni, anayesomesha watoto kwa televisheni, ndiye amechomoa! Halafu akaukunja ule waya mkononi kama kamba ya mbuzi, akatoka nao uani mbele ya wanawake wote waliokuja kuchambua mchele, akasema, "Jamani, huyu ndiye msomi wetu."

Sogea nikae. Maji sitaki. Nikinywa maji hasira itashuka, na sitaki ishuke kabla hujasikia yote.

Unajua kwetu tuna msiba. Kesho ndiyo arobaini ya Bibi Kuluthumu, ndiyo maana nyumba nzima hapo Utemini imejaa mikeka na masufuria. Sasa kuna kitu sijakwambia. Bibi alipofariki mama hakuwepo. Alikuwa Mitundu, kafuata alizeti, gari likaharibika njiani, akafika kaburi limeshafukiwa. Tangu siku hiyo mama hali. Anakula, lakini hali, unanielewa? Anatia kijiko mdomoni anakisahau humo humo. Siku moja namfulia kanga akaniambia, "Radhia, mimi sitaki kitu. Nataka nisikie sauti yake mara moja tu, nijue tumeagana."

Na sauti tutaitoa wapi? Bibi hakuwa mtu wa picha. Ukimwelekezea simu anakukimbiza na mwiko. Simu zetu zote tulizipekua, hamna. Bibi hayupo hata kwenye harusi ya binti yake, utaona mkono tu unaziba kamera.

Ila mara moja alikubali. Mwaka huu, alipokwenda kwao Misigiri kusalimia, walikuja watu wa televisheni kupiga picha kikundi cha akina mama wanaosuka vikapu. Mmoja wao akamwamkia kwa Kinyiramba. Basi! Bibi akalainika, akakaa chini, akashika kikapu, akaongea mpaka betri zao zikaisha. Aliporudi akatusimulia anacheka: "Nimewaimbia." Tukamuuliza umeimba nini. "Mtaona wenyewe kwenye hiyo televisheni yenu."

Wiki tatu zilizopita nikaona tangazo kwenye simu: Jumamosi hii, saa kumi jioni. Yaani leo. Nikaruka! Nikakimbia kwa mama. Mama akaenda kwa mjomba kuomba ruhusa, kwa sababu tangu Babu afariki nyumba ni ya mjomba, kaka mkubwa.

Mjomba akasema, "Hapana."

Unajua kwetu, kukiwa na msiba televisheni haiwashwi. Inageuzwa ukutani, inafunikwa. Yetu imefunikwa kanga ya Bibi mwenyewe, ile ya kahawia, tangu siku ya kwanza. Sawa, ni desturi, sibishi. Lakini mama alimwambia, "Kaka, ni yeye mwenyewe ndani yake. Ni mama." Mjomba akajibu, "Mama yangu hawezi kuchezewa muziki arobaini haijapita."

Arobaini kesho, kipindi leo! Na hawarudii. Nilipiga simu kituoni, dada mmoja anatafuna kitu akaniambia, "Kurudia hatuahidi, mpendwa."

Na sababu ya kweli siyo desturi. Sababu ni wageni wa Tanga. Babu alikuwa mtu wa Tanga, alikuja huku na biashara, na ndugu zake wanaanza kufika leo kwa ajili ya arobaini. Mjomba anajifanya Mtanga kuliko Tanga yenyewe. Kofia ya vito, "ati mwanangu", "haya bibiye", wakati Tanga alikwenda mara moja akarudi na malaria. Bibi akisema neno la Kinyiramba mezani, mjomba anakohoa. Anakohoa, Yustina! Mtu aliyekulea unamkoholea! Maana mama yake mzazi alikuwa mke wa kwanza wa Babu, alifariki akimwacha mchanga, na Bibi ndiye aliyembeba mgongoni. Sasa ataonekana kwenye televisheni, kakaa chini, miguu kainyosha, anaimba kienyeji, wageni wa Tanga waone? Asingeruhusu hata kama tungekuwa kwenye harusi.

Basi nikasema sawa. Televisheni haiwashwi? Haitawashwa.

Unakumbuka ile kompyuta kubwa ya mtumba niliyoileta kutoka Dodoma tulipomaliza chuo? Mliyonicheka mkaiita jiko? Nikaiweka stoo, nyuma ya magunia ya alizeti. Haina skrini, haina spika; nikitaka kuipa amri naichomekea laptop. Ndani nikatia mfumo wa Linux, na kadi mbili za kunasa televisheni, moja ikigoma nyingine ishike. Kadi yenyewe inafanya kazi ya king'amuzi: unaichomeka waya wa antena, inashika mawimbi, kompyuta inahifadhi kama faili. Picha haionekani kwa mtu, sauti haisikiki kwa mtu. Mama akaniuliza, "Kwa hiyo hakuna anayeangalia?" Nikamwambia hakuna. "Kwa hiyo hatuvunji desturi." Nikamwambia hatuvunji hata uzi wake mmoja. Akanishika mkono, akacheka kidogo. Kwa kicheko kile ningejenga mnara.

Lakini hizo kadi zimenitesa! Ya kwanza niliyonunua ilikuwa ya zamani, inaelewa dijitali ya kizazi cha kwanza, na huku kwetu wanarusha ya kizazi cha pili. Naitafutisha vituo, inatafuta, inatafuta, sifuri. Nikamwendea mjomba dukani kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba, naomba kujua huku wanarusha kwa masafa gani." Akacheka mbele ya wateja. "Marahaba. Kompyuta haiwezi kuwa king'amuzi, binti. Nunua king'amuzi." Mtu anauza kitu hajui kinavyofanya kazi!

Nikapata mbili mpya. Zikagoma nazo. Boksi limeandikwa chipu moja, ndani wameweka nyingine! Nilifungua nikaisoma kwa tochi. Sasa chipu ile haiamki mpaka ilishwe kwanza kiprogramu chake kidogo, na Linux ikawa inaniandikia tu kwamba faili haijaliona, faili haijaliona. Gerald, yule wa darasani kwetu, akalitafuta akanitumia. Nikalipakua kafe mjini, nikalitia mahali pake, nikawasha. Kadi zikaamka! Nikapiga kelele humo stoo mpaka kuku wakatoka.

Umeme ukikatika ukirudi, zilikuwa zinabadilishana namba. Ya kwanza inakuwa ya pili, ya pili inajiita ya kwanza, kama mapacha wa shule. Nikazifunga kila moja na namba yake. Ya kwanza waya wake unapanda paa letu, nikaiita "paa". Ya pili sikuwa na pa kuiwekea antena. Ukigawa waya mmoja kwa kadi mbili, mawimbi yanakuwa uji. Ndiyo nikaenda kwa Mama Luciana.

Huyo ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mama wa Kinyaturu, anafuga kuku, kila Jumapili asubuhi anaimba kwaya yake mpaka mjomba anafunga dirisha. Kwake pana mwinuko, na ana mlingoti wa bomba uliobaki tangu televisheni za zamani, kabla hawajazima mitambo ya analojia. Nikamwomba. Hata hakuuliza sana. "Ni kwa ajili ya Kuluthumu?" Nikasema ndiyo. "Funga." Waya nikaupitisha juu ya banda la kuku, ukaingia kwa kidirisha cha stoo nyuma ya magunia. Kadi hiyo nikaiita "jirani".

Tatizo upepo. Si unaujua upepo wetu! Mlingoti wa Mama Luciana umelegea chini, ukipigwa unazunguka wenyewe kama mtu anayeitwa. Wiki nzima "jirani" inashika, inaachia. Leo asubuhi nilipotazama ilikuwa imeachia kabisa. Nikaenda kumwambia, "Mama, saa kumi naomba mlingoti usisogee." Akasema, "Nimesikia." Nikajua ni maneno tu, atamwamuru nani upepo? Moyo wangu wote ukawa kwa "paa".

Saa kumi ikafika. Mimi niko uani na ungo wa mchele, niko katikati ya mashangazi, siwezi kwenda stoo, nikienda wataniona. Mama kakaa sebuleni pembeni ya televisheni iliyofunikwa. Hakuna kinachosikika, lakini kakaa pale kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe. Napepeta mchele naumwaga chini. Shangazi mmoja akaniuliza, "We Radhia, unachambua au unapanda?"

Ndiyo mjomba akaingia stoo kutafuta sufuria kubwa.

Nikasikia masufuria yanasogezwa. Halafu: "Nani anaangalia televisheni humu?"

Nikakimbia. Amesimama juu ya kompyuta, vitaa vinawaka, kashika waya wa antena.

"Hakuna anayeangalia, mjomba. Hata skrini hakuna."

"Kama hakuna anayeangalia, waya wa nini?"

"Inarekodi tu. Mjomba, tafadhali, ni Bibi, muda huu huu ni Bibi."

"Nilisema nini kwenye nyumba hii?"

"Ulisema televisheni isiwashwe. Haijawashwa! Nenda katazame, kanga iko pale pale!"

"Unanifundisha maneno yangu?"

Akachomoa. Tena hakuchomoa kwa hasira, ningemwelewa. Alichomoa taratibu, kama mtu anayetoa mwiba. Akauvuta kutoka paani mpaka antena ikaanguka uani, pwaa, akaukunja mkononi, akaenda kunitangaza. Msomi wetu. Mimi nimesimama na unga wa mchele usoni, wanawake wananitazama kama nimeiba.

Mama alisikia yote. Nilidhani atapiga kelele, atalia, atasema neno. Alisimama tu, akaja uani, akachukua ungo wangu, akaanza kuchambua. Yustina, angenichapa ingeniuma kidogo. Ule ungo!

Nikarudi stoo nimalizane na jiko langu. Nikachukua faili la "paa" kwenye flashi, nikalifungua kwenye laptop yangu ya chuo. Bibi yuko pale! Kakaa, kanga kichwani, kikapu mapajani. Anainua uso, anafungua mdomo, na picha inavunjika vipande vipande vya rangi, inaganda. Mdomo wazi. Niliufunga uso wangu na gunia nikapiga ukelele ndani yake.

Halafu nikaliona faili la "jirani". Nikajua ni tupu. Lakini kubwa. Linazidi kukua! Kadi ya pili ilikuwa bado inarekodi, haikuachia hata mara moja.

Nikapanda kwenye magunia nikachungulia kidirishani. Mama Luciana yuko juu ya kreti la soda, kanga yake upepo unaitoa anaishika kwa meno, mikono yote miwili ameukumbatia mlingoti. Ameukumbatia kama mtoto! Kuku wanamzunguka miguuni. Amesimama hivyo tangu kipindi kinaanza. Akaniona, akasema bila kufungua meno, "Kimeisha?" Nikamwambia bado. "Basi toka hapo, usinichekeshe."

Kilipoisha nikamwita mama. Tukajifungia stoo, tukakaa juu ya alizeti. Sikutaka uani wasikie, nikachomeka hedifoni za masikioni, sikio moja lake, sikio moja langu, kama tulivyokuwa tunafanya mimi na wewe hosteli. Nikacheza faili la "jirani".

Yustina, nilitaka kuitupa ile laptop! Bibi anafungua mdomo, na sauti inayotoka ni ya mtangazaji! Mwanamume, sauti nzito ya kujipendezesha: "Bibi huyu wa Kigogo anatueleza siri ya vikapu..." Wa Kigogo! Misigiri tangu lini Wagogo? Bibi anaongea, mdomo unaenda, mikono inaenda, mtangazaji kamlalia juu na hadithi zake za utalii. Bibi anaanza kuimba, naona kabisa anaimba, anayumba na kikapu, na huyu bwana anaeleza bei za sokoni! Sikio zima ni lake, hamna hata mnong'ono wa Bibi. Nikaanza kutukana. Nimetukana kituo, nimetukana mtangazaji, nimemtukana mjomba upya. Tumeteseka kote huku kumbe sauti yenyewe wameizika!

Nikamgeukia mama nimwombe radhi. Mama analia, na anacheka. Midomo yake inafuata. Anaimba pamoja naye!

"Mama, unaimba nini? Hamna kitu humu, ni huyu bwege tu anaongea."

"Bwege gani?" mama akasema. "Nyamaza nisikie."

Nikamwangalia. Nikaangalia hedifoni. Mimi nina ya kushoto, yeye ana ya kulia. Nikaichomoa sikioni kwake, nikaitia kwangu. Bibi! Bibi mtupu! Upepo wa Misigiri, jogoo kwa mbali, ukindu unalia, na Bibi anaimba! Wale wazembe wa kituo walirusha bila kuchanganya: mtangazaji kabaki upande wa kushoto, sauti ya pale pale Misigiri imebaki upande wa kulia. Aliyeangalia kwenye televisheni ya kawaida kasikia pande zote mbili zimegongana, na huyo bwana ndiye mwenye sauti kubwa. Sisi tunalo faili! Faili ukiliambia toa upande wa kushoto, linatoa.

Nikautoa. Nikachomoa hedifoni, nikaacha spika. Kidogo tu, nilidhani. Nilimsahau mjomba, nilisahau msiba, nilisahau hata hasira. Kwa dakika moja tu, usinitazame hivyo.

Ni wimbo wa kubembeleza mtoto. Kwa Kinyiramba. Mama ananitafsiria huku anafuta pua: lala, mama kaenda kisimani, atarudi. Na kila mwisho wa mstari Bibi anataja jina la mtoto. Kamajidi. Lala, Kamajidi. Majidi mdogo.

Mlango ukasukumwa.

Mjomba. Waya bado uko mkononi, sijui alikuwa anautembeza nyumba nzima wa nini. Nikajiandaa. Nikasema moyoni, leo akigusa laptop hii namng'ata, mjomba au si mjomba.

Hakugusa. Akasema, "Nani kamfundisha kusema hilo jina?"

"Nani?"

"Huyo anayeimba."

"Ni Bibi, mjomba. Umesahau sauti yake?"

Bibi akaendelea kwenye spika: Kamajidi, mama atarudi. Ukijua hadithi ya yule mtoto unaelewa mwenyewe mama yupi ameenda na hatarudi, na nani aliyekuwa anambembeleza hivyo kila siku mpaka alale. Na ni nani aliyekuwa anakohoa mezani.

Akachuchumaa pale mlangoni, kofia ya vito ikamteleza, hakuiokota. Mtu mzima yule. Akasema, "Rudisha wimbo."

Sikurudisha. Nilimwangalia nikamwambia, "Waya wa nini, mjomba, kama hakuna anayeangalia?"

Ndiyo, nilisema! Na ningesema tena. Unadhani kuchuchumaa kunatosha? Mama kachambua mchele na ungo wangu mbele ya watu! Kama si mikono ya Mama Luciana, hilo jina lake lingekwenda na upepo, yeye ndiye angekuwa amelichomoa, na asingejua mpaka anakufa!

Mama ndiye aliyenyoosha mkono. "Mrudishie, Radhia." Nikamrudishia. Akasema rudisha tena. Na tena. Kwa Kinyiramba sasa, Yustina, anamwambia mama maneno kwa Kinyiramba, taratibu, anayatafuta kama mtu anayetafuta swichi gizani. Mama anamjibu. Mimi nimekaa katikati yao sielewi kitu, nimekasirika, na machozi yananitoka, na nimekasirika kwamba yananitoka.

Mwisho akasimama. Kuomba radhi hakuomba. Akaniuliza, "Hii inaweza kutoka kwenye televisheni kubwa?" Nikamwambia inaweza, waya ninao, lakini televisheni imefunikwa, si ndiyo desturi. Akanywea. Akasema, "Kesho baada ya dua. Wageni wa Tanga wakishakaa. Kanga nitaitoa mimi."

Akatoka na waya wake. Nilipokuwa naondoka kuja huku nilimwona juu ya paa, kanzu kaifunga kiunoni, anahangaika na antena, na Mama Luciana yuko ng'ambo ya ukuta anamwelekeza kwa sauti ya kwaya: "Kushoto, jirani! Kushoto zaidi! Wewe si muuza ving'amuzi?"

Simwamini. Kusema stoo kwenye giza ni rahisi, na kesho watakuwepo wazee wale wa Tanga na vitambaa vyao vya kufutia jasho, watasema huyu mama anaimba lugha gani, na mjomba koo litaanza kumwasha. Akikohoa tu, naapa, nasimama mimi katikati ya mikeka, natoa kanga, na sauti nafungulia mpaka mwisho.

Haya nipe hayo maji sasa. Nakwenda, masufuria yananisubiri. Kesho wageni wakishapanda gari nakuja hapa hapa, hata kama nanuka vitunguu, nikwambie ni mkono wa nani ulioitoa ile kanga.